Vinu vya upepo kwenye ramani za Sandhills
Mdau umeuliza kwa nini ramani za zamani za Sandhills kule Nebraska, Marekani, zimejaa vinu vya upepo na watu wenyewe hakuna. Ndo sababu hiyo hiyo, Cherry County peke yake ina kama kilomita za mraba 15,500 na watu hawafiki 6,000, vilima vya mchanga vyenye nyasi vinafanana kila upande, sasa kinu cha kuvuta maji ya ng'ombe ndo kinakuonyesha uko wapi. USGS, shirika la serikali ya Marekani linalochora ramani hizo, walitumia picha za ndege afu wapimaji wakaenda kuhakiki huko huko. Shusha ramani zao za zamani za skeli ya 1:24,000 zilizoskaniwa, ni bure, maana ramani mpya za kuanzia 2009 zinatoka kwenye data za kompyuta na majengo mengi hayamo, inauma kweli.