Irekebishe moja kwa kina

Dada, umeuliza kama uandike upya kazi zote tatu za uzamili wa fasihi kabla ya kuziweka kwenye jalada lako la kitaaluma. Hapana. Shika ile ya masimulizi kuhusu Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Aya mbili za mwanzo ulizotuwekea zinaeleza fasihi simulizi ni nini; mwalimu alizitaka, msomaji wa jalada hazihitaji. Zifute. Anza pale msimulizi wako wa Kalenga, Iringa, anaporuka kutoka kifo cha Mkwawa cha 1898 hadi fuvu lake kurejeshwa kutoka Ujerumani 1954. Hoja yako iko hapo, nawe umeizika ukurasa wa tisa! Nyingine mbili sahihisha marejeleo na tahajia tu. Nakala yenye maoni ya mwalimu usiitupe, ukiulizwa ulichobadilisha utaionyesha.