Kusudi la Mungu ukiwa bado dukani

Mdogo wangu, umeuliza utajuaje Mungu amekuitia nini, ilhali chuo umemaliza na mwaka wa pili huu unauza kwenye duka la shangazi yako pale Majengo. Pole, najua inavyouma.

Na mimi nilidhani wito ni lazima uwe wa madhabahuni. Nilifunga, nikaomba, sikusikia sauti. Kilichonifungua macho ni Dorkasi wa Yafa, Matendo 9:36-39. Hakuna tunapoambiwa alihubiri. Alipokufa, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea, huku wakilia. Musa naye alikuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao, baada ya kuchunga kondoo wa mkwewe.

Mimi ni fundi cherehani, Chang'ombe. Siku moja bibi alileta kaptula ya shule ya mjukuu wake, imechanika nyuma, hela hana. Nikaweka kiraka, nikapiga pasi. Akanishika mikono, akaiombea palepale, vidole vikiwa bado na nyuzi. Alipoondoka nililia.

Anza na wanaokuja dukani. Nani anakopa unga kila Jumatatu? Muulize nyumbani kukoje. Na zungumza na mzee wa kanisa anayekufahamu. Mara nyingi wenzetu huiona karama yetu kabla yetu.