Mkia mmoja, si mitatu

Jumamosi iliyopita kule Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria, nilisimama nikawatazama: wadogo zangu sita, kamera sita, na wanne kati yenu mnakimbiza ndege kama watoto waliotumwa kukamata kuku wa Krismasi. Mmoja akanijia anahema, "Bro, cheki hii, kali!" Nikaikuza kwenye skrini. Ndege ana mikia mitatu. Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana mikia hiyo naifahamu.

Basi sikilizeni.

1. Msiwafukuze. Hawa wa manjano wanaotikisa mkia hufuata ng'ombe, kwa sababu kwato zinafurusha wadudu. Msalimie mchungaji kwanza kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," umuulize mifugo inanywea wapi, utangulie, ulale chini. Ng'ombe watakuletea ndege karibu mpaka lenzi ishindwe kufokasi. Lala mchangani lakini, si majini. Kichocho hakijali kama wewe ni msanii.

2. Njoo mwishoni mwa Machi. Oktoba wanafika na rangi ya vumbi la safari. Machi madume wameshabadili manyoya, na katika kundi moja utaona vichwa vyeusi, vya kijivu-samawati na vya manjano tupu. Kila kichwa na kwao: mweusi anarudi pande za Balkani na Uturuki, wa manjano anafika hadi Kazakhstan. Kuna wageni wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kupiga picha ndege wa kwao hapa, na wewe umelipa bodaboda tu.

3. Angalia kamera kabla hujashuka kwenye hiyo bodaboda.

Hii naiongea kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili nilipiga picha za send-off usiku kucha. Ukumbini giza, taa za balbu, kwa hiyo nikafunga kasi ya shata kwenye 1/80 ya sekunde, polepole ili mwanga uingie, waiti balansi, ile inayosawazisha rangi kulingana na taa, kwenye balbu, na kadi ilipokaribia kujaa nikahamia JPEG ndogo, faili lililobanwa. Saa nane usiku bado mashangazi wanacheza. Nikalala kwa saa mbili tu, nikabadilisha lenzi, nikaingia barabarani. Lenzi nilibadilisha. Vingine sikugusa.

Nilifika jua linachomoza. Mzee mmoja akashusha ng'ombe wake, na ndege wakashuka nao, arobaini hivi, wanapita kati ya miguu, wengine wanaruka kudaka nzi puani mwa ndama. Sijawahi kuona vile tena. Nilipiga picha 638. Kila nikichungulia skrini, safi! Kale ka-skrini kadogo kanakusifia kama mjomba aliyelewa. Nikaona rangi imeegemea ubluu kidogo, nikajiambia ni alfajiri, ni ziwa. Hata nikampigia simu mama kumwambia mwanao leo amepata.

Nyumbani nikafungua kompyuta. Ya kwanza, mkia umevurugika, maana shata ilikuwa ya polepole. Ya pili, kichwa nacho. Yale manjano, ambayo ndiyo yalinitoa kitandani, yamekuwa rangi ya kisamvu cha jana. Ingekuwa RAW, faili ghafi la kamera, rangi ningeirudisha. Kwa JPEG ndogo nilikuwa nakwangua ukoko. Nilizipitia zote 638, mpaka saa tisa alasiri, sijala. Jumapili iliyofuata nikarudi na kamera imekaa sawa. Mzee yupo, ng'ombe wapo. Akaniambia, "Wale wa kwako wameondoka juzi." Nikangoja mwaka mzima.

Nilibakiza moja: dume kasimama juu ya kinyesi kikavu, mwili umetulia, jicho kali, mkia haupo kabisa, kama kakatwa. Iko kwenye simu yangu, ndiyo ninayoiona kila nikitaka kujua saa.

4. Mkia ule hautulii hata akila. Shata 1/1000 kwa aliyesimama, 1/2500 akiruka. Aiso, wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande tu, chengachenga za picha hazijaua mtu.

5. Keremkerem wa Ulaya, wale ndege wala nyuki, utawasikia juu kabla ya kuwaona. Inua kamera kwa sikio.

6. Aliyerusha jiwe kwenye matete ili ndege waruke, ananijua na namjua. Akirudia atabeba tripodi zote sita mpaka stendi.

Jumamosi hii tukutane saa kumi na moja na nusu alfajiri. Betri mbili kila mtu. Na aliyedondosha kifuniko cha lenzi kwenye mavi ya ng'ombe, ninacho. Nimekiosha.