Barua kwa mwanangu: wale viumbe wa Mirihi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama The War of the Worlds cha H. G. Wells, ile hadithi ya viumbe wa sayari ya Mirihi kuivamia Uingereza niliyokuwa nikikusimulia ukikataa kulala, bado kinanitisha nikikisoma leo, au umri umekitoa makali. Basi nimekisoma tena, safari hii kizima. Cha shuleni kwetu kilikuwa kile chembamba, kilichofupishwa kwa wanafunzi.

Kinatisha, ila si pale nilipozoea. Usichana wangu wote niliogopa zile mashine za miguu mitatu, ule mwali unaowateketeza watu pale Horsell karibu na Woking, na London nzima ikitimua mbio. Sasa mashine naziona za kizamani tu. Kilichonikaba kimo katika sura ya kwanza, kabla hata chombo kimoja hakijaanguka kutoka mbinguni. Wells anawaambia Waingereza wenzake: kabla hamjawalaumu hawa wa Mirihi, wakumbukeni Watasmania, wenyeji wa kisiwa cha Tasmania kule Australia, walivyoangamizwa na wahamiaji wa Ulaya ndani ya miaka 50. Kitabu kilitoka 1898, dola ya Uingereza ikitamba duniani. Alithubutu yule mzee! Kwenye kitabu chetu cha shule maneno hayo hayakuwemo.

Lakini usimpigie makofi haraka. Palepale anasema waliangamizwa licha ya kufanana kwao na binadamu. Kufanana! Wakili mwenyewe hajawahesabu wateja wake kuwa watu kamili. Na anasema walikwisha kabisa, ilhali wazao wao wapo Tasmania hadi leo. Hapo nilikiweka kitabu nikaenda kupika.

Kuna kitu kingine ambacho wewe wa Iringa utakiona upesi. Majeshi ya kwanza kupelekwa Horsell yanabeba bunduki mbili za Maxim, zile za kufyatua risasi mfululizo. Ndizo walizotambia Wazungu huku kwetu, Wajerumani wakiwamo. Mbele ya mashine za Mirihi hazifui dafu. Mwaka uleule wa 1898 Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijipiga risasi ili Wajerumani wasimkamate akiwa hai. Fuvu lake lililorudishwa 1954 unalijua, liko hapo Kalenga. Sisemi Wells alikuwa akimfikiria Mkwawa. Nasema msomaji wa London alitakiwa abuni jinsi inavyokuwa kuvamiwa na watu wenye silaha usizozielewa. Babu zetu hawakuhitaji kubuni.

Mwisho wake unaujua: wavamizi wanauawa na bakteria ambao miili yao haikuwazoea. Watu wengi huulalamikia, eti mwandishi alikosa njia ya kutokea. Hebu rudi kwenye sentensi ya kwanza kabisa. Wanadamu wanachunguzwa kutoka mbali kama vidudu kwenye tone la maji chini ya hadubini. Vidudu vipo tangu mlangoni, ni sisi tulivipita tukikimbilia mashine. Nami niliyekulia pwani jambo hilo halinishangazi. Malaria iliwazika Wazungu wengi kabla kwinini haijaenea. Wa Mirihi hawakuwa na kwinini.

Mke wa msimulizi, kwa taarifa yako, hana hata jina. Anapelekwa Leatherhead kwa ndugu, na huko anaachwa mpaka kitabu kinakaribia kwisha.

Ukianza, usiruke sura ya yule askari wa mizinga kule Putney Hill. Ana mpango mkubwa: watu hodari wakaishi kwenye mifereji ya maji machafu chini ya London, wasome, wajipange, siku moja waziteke zile mashine. Shimo lake mwenyewe amechimba kiasi cha kuchekesha, halafu anapendekeza wapumzike, wanywe shampeni na kucheza karata. Nilicheka peke yangu sebuleni. Baba yako akauliza kuna nini, nikamsomea, akamtaja mtu wa mtaani kwetu papo hapo. Jina sikuandikii, utakuja kucheka msibani.

Msalimie mkweo.

Mama yako