Re: Droni yenye RTK, bado naweka alama chini kupima barafu ya Kilimanjaro?

Mkuu mi ni mpima, nimepanda Kibo na watafiti kupiga picha zile kuta za barafu za upande wa kaskazini. Jibu ni ndio, weka alama za kupimia ardhini, ila chache na uziweke kwa akili.

RTK, yaani GPS inayosahihishwa papo hapo mpaka usahihi wa sentimita, inakwambia kamera ilikuwa wapi wakati inapiga picha, basi. Haikwambii kama modeli, ile sura ya ardhi ya 3D ambayo programu inaijenga kutoka kwenye picha, imepinda. Ukirusha mistari sambamba tu kamera ikiangalia chini, programu inaweza kukutolea ardhi iliyobinuka katikati kama sahani iliyofunikwa, na kwa macho hushtuki kabisa, halafu mwakani unarudi unalinganisha modeli mbili unatangaza barafu imeshuka kumbe ni hesabu tu ndo imebinuka. Kwahiyo alama kadhaa ziingize kwenye hesabu, nyingine ziache pembeni usiziguse mpaka mwisho, hizo ndo za kuhakikia. Kwangu mimi hizo za kuhakikia ni muhimu kuliko zote na ndo watu wanazozibania.

Usiziweke juu ya barafu. Ya Kili haitembei kivile lakini uso wake unaliwa na jua, alama inashuka nayo. Tafuta mwamba uliokaa imara, tandika kitambaa cha chungwa na cheusi, kibane kwa mawe, pima na GPS, ukimaliza kusanya maana ile ni hifadhi. Na zipishane kimo, nyingine chini ya ukuta nyingine juu, zikikaa zote usawa mmoja hazisaidii sana upande wa urefu.

Halafu inamisha kamera, piga na za ubavu. Barafu ya Kili ilikuwa kama kilomita za mraba 12 mwaka 1912, 2007 ikabaki kama 1.8, na sehemu kubwa imeliwa kuanzia kingoni, sasa ukipiga kutoka juu tu ukuta wima hauuoni na ndo wenyewe unaorudi nyuma. Za ubavu zinapunguza na ule mbinuko pia.

Punguza mwanga wa kamera, theluji ikiungua kwenye picha programu haina cha kushika inakuachia matundu. Ruka asubuhi kabla mawingu hayajapanda, betri lala nazo ndani ya begi la kulalia. Kule juu mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya pwani, propela zinahangaika na betri inaisha mapema, cheki kwanza droni yako inaruhusiwa kupaa kimo gani, kuna zinazoishia chini ya hapo. Vibali vya TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania) na hifadhi anza mapema sana.

Kingine, GPS inatoa kimo cha elipsoidi (kutoka kwenye umbo la dunia la kihesabu) sio cha usawa wa bahari, na pale mlimani tofauti inapita mita 10. Chagua kimoja, kiandike kwenye ripoti, na atakayekuja mwaka mwingine atumie hichohicho pamoja na pointi ileile ya kuwekea besi, kile kipokezi cha GPS kinachokaa chini kuisahihisha droni.