Mabaki ya matairi kwenye rangi ya gari: usisugue, loweka

Mkuu, kwanza pole. Umesema gari ni nyeupe, umeshinda nayo siku nzima mkizunguka na wenzako kwenye lami, na sasa nyuma ya matairi na kwenye bampa pamejaa madoa meusi ya mpira wa tairi ambayo sabuni haiyagusi kabisa. Fundi wako hapo Moshi amekwambia uchukue tina (ile ya kuyeyushia rangi) na kitambaa. Naomba umsubirishe, maana tina ndiyo iliyonitia hasara mimi.

Niko Arusha, nina gari aina ya Subaru Impreza, nyeupe pia. Bampa la mbele liliwahi kugongwa, nikalipeleka gereji moja likanyooshwa na kupigwa rangi upya. Baadaye nikarudi kutoka kwenye mizunguko na madoa kama yako hayo. Nikalowanisha kitambaa kwa tina nikaanza mlangoni: doa likatoka, rangi ikabaki salama, nikafurahi. Nilipofika kwenye bampa kitambaa kikageuka cheupe. Kabla sijaelewa kinachotokea, rangi ilikuwa imekunjamana kama utando juu ya maziwa ya moto. Nililipia kupiga rangi mara ya pili.

Nilichokuja kujifunza ni kwamba rangi ya kiwandani huokwa kwenye joto kali mpaka inashikana yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo inavumilia kidogo. Rangi nyingi za bei nafuu mtaani hukauka kwa tina kuruka hewani tu. Ukiirudishia tina, inarudi kuwa majimaji. Ndiyo maana gari moja linaweza kuwa na mlango mgumu na bampa laini.

Sasa kuhusu doa lenyewe. Mpira wa tairi umepikwa pamoja na salfa, njia aliyoigundua Mmarekani Charles Goodyear mwaka 1839. Mpira uliopikwa hivyo hauyeyuki tena kirahisi kama mafuta ya kupikia. Ukiuwekea mafuta ya taa, unavimba, unalegea, unaachia mahali uliponata. Kuvimba huko kunataka muda, hakutaki nguvu ya mkono. Halafu kumbuka tairi lenye joto huokota mchanga na kuurusha pamoja na mpira, na sisi wa huku vumbi letu ni la miamba ya volkano, lina makali. Ukisugua doa hilo likiwa kavu, umeshika msasa.

Mimi sasa nafanya hivi. Gari naliweka kivulini asubuhi, bodi ikiwa ya baridi ukiigusa. Naliosha kwanza kwa shampuu ya gari na maji mengi, ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji, ili mchanga wote uondoke. Kisha nalowanisha kitambaa laini cha pamba kwa mafuta ya taa, nakibandika juu ya doa kama unavyombandika mgonjwa wa homa kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Dakika mbili au tatu. Usiache pakauke. Ukikitoa, futa taratibu kuelekea upande mmoja, bila kuzungusha, na kila ukifuta geuza upande safi wa kitambaa. Doa likibaki, bandika tena. Bampa la nyuma lilinichukua raundi nne, na sikujuta hata moja.

Dawa za kuondoa lami zinazouzwa kwenye maduka ya vipuri nazo zinafanya kazi, na WD-40 (ile dawa ya kupuliza ya kulainishia vyuma) pia, kwa utaratibu huohuo wa kusubiri.

Lakini kabla ya yote jaribu mahali pa kificho, na hapa wengi wanakosea. Wanajaribu ndani ya kifuniko cha tanki la mafuta, wanaona salama, wanaendelea gari zima. Pale mara nyingi ni rangi ya kiwandani! Jaribu kwenye kila kipande unachotaka kusafisha: bampa kwenye ukingo wake wa chini, mlango kwenye ukingo wake wa chini. Kitambaa kikichukua rangi au pakinata kidoleni, acha hapo hapo, osha kwa sabuni.

Petroli usiiguse. Mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi ya Julai, na mafuta ya taa yenyewe usiyafanyie kazi karibu na jiko au mtu anayevuta sigara. Mafuta ya breki nimewahi kusikia yakipendekezwa. Hayo yanabandua rangi hata ya kiwandani. Na taa za mbele ni plastiki, tina na petroli huzipasua nyufa ndogondogo. Mafuta ya taa yasikae pia kwenye raba za milango wala kwenye tairi, maana nazo ni mpira, zitavimba vilevile.

Madoa yakiisha, osha tena kwa sabuni ya vyombo, kwa sababu mafuta ya taa huacha utando unaonasa vumbi. Pitisha mkono. Ukisikia vipele bado, hapo ndipo klei ya kusafishia rangi, ile inayofanana na udongo laini unaofinyangika, inapofaa, pamoja na maji ya sabuni ya kutelezea. Malizia na waksi, kwa kuwa sabuni ya vyombo imeondoa ile ya zamani.

Na usingoje wikendi ijayo. Doa la jana linatoka kwa raundi mbili. Lililopigwa na jua wiki nzima litakuchosha. Safari nyingine paka waksi siku moja kabla, na nyuma ya kila tairi bandika ile tepu ya karatasi ya wapiga rangi, uitoe jioni hiyohiyo kabla gundi haijaokwa na jua.

Hujasema kama bampa limeshawahi kupigwa rangi. Liangalie leo mchana: weupe wake ukitofautiana na wa fenda, anza na milango kwanza, kisha nitumie picha ya bampa kabla hujalibandika chochote.