Bila mfupa, mwamba wa miaka bilioni 3 unasemaje?

Swali: Daktari, habari za kazi? Nasoma jiolojia hapa Nairobi, mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba miamba tabaka ya Barberton, Afrika Kusini, inaonyesha uhai wa kale na hata mwendo wa mabamba ya dunia, yale mapande makubwa ya ganda la nje. Hamna mfupa wala gamba. Mnajuaje?

Jibu: Nzuri, mwanangu. Mifupa isahau kwanza. Enzi hizo palikuwa na vijidudu tu, vilivyotandaza utando juu ya mchanga wa ufukweni, kama ule utelezi unaoota ndani ya tangi la maji lisilosuguliwa. Katika Moodies, kundi la miamba ya huko Barberton lenye miaka kama bilioni 3.22, utando huo umebaki nyuzi nyeusi zenye mawimbi katikati ya punje za mchanga. Weka lenzi, ufuate uzi mmoja taratibu: kuna mahali umechanika, na kipande chake kimejikunja. Hapo ndipo mimi huridhika, maana mchanga mtupu haukunjiki kama kitambaa, humwagika.

Ila umbo peke yake lisikudanganye. Mwaka 2016 zilitangazwa stromatoliti, yaani vilima vidogo vya mawe vilivyojengwa na vijidudu, za miaka bilioni 3.7 kutoka Isua, Greenland. 2018 watafiti wengine wakajibu kwamba vilima vile vilitokana na mwamba kukandamizwa. Basi uliza kwanza mwamba umepitia joto na mkandamizo gani. Kisha pima kaboni, kwa kuwa viumbe hupendelea kaboni 12, iliyo nyepesi, kuliko kaboni 13, iliyo nzito.

Kuhusu mabamba, tazama kokoto. Moodies ina kokoto za graniti, na graniti hupoa kilindini. Ukiikuta imeviringwa na maji, ujue ardhi iliinuka ikachunwa. Punje za zirkoni, madini magumu ambamo urani hugeuka madini ya risasi polepole, hukupa umri wa miamba iliyochunwa. Lakini kama ni mabamba yaliyogongana, au miamba mizito ilizama na nyepesi ikapanda, mjadala haujaisha. Mwanafunzi wangu akiandika "mabamba" kwa kokoto pekee, namrudishia karatasi.

Mawe ya Nairobi hayatakufaa kwa hili. Ni ya volkano, ya juzi tu. Panda basi hadi Kakamega ukaone miamba ya Kavirondian, yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5, na kokoto zilizotoka kwenye miamba ya Nyanzian iliyo chini yake. Chora kila kokoto kabla hujaigonga nyundo.